Mnalipa Pamoja?

Juzi jioni, katika supamaketi moja hapa Mwembesongo, Morogoro, nilidhaniwa kuwa mtu wa kubambikia wanawake wazee sabuni yangu wanilipie. Sabuni yenyewe ya kufulia, mche mmoja. Sikukamatwa nikichomoka nayo mlangoni. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, kwa zamu yangu, hela mkononi. Na miongoni mwa walioshuhudia alikuwemo jirani yangu ambaye, kwa jinsi ninavyomjua, habari ile hakuifikisha nyumbani ikiwa nzima, aliigawa njiani.

Kisa ni kikapu. Nilipofika kaunta, niliyemkuta mbele yangu hakuwa mtu, kilikuwa kikapu chekundu cha plastiki, kimetulia sakafuni, ndani yake unga wa ngano, mafuta ya kula na Blue Band. Mwenyewe hayupo. Kaka aliyekuwa mbele ya kikapu akaniambia, "Kuna mama kasema anakuja." Sikuuliza lini. Nikasimama nyuma ya kikapu.

Tatizo, foleni ikisogea kikapu hakisogei. Kaka akapiga hatua mbili, pakabaki uwazi, na uwazi kwenye foleni ya Morogoro haudumu. Dereva mmoja wa bodaboda, helmeti kichwani, akaanza kuupima kwa macho. Nyuma yangu mtu akaguna. Nifanyeje? Kukiruka kikapu ni dhuluma, maana mama kasema anakuja. Kukibeba ni kujitafutia maneno. Nikakisukuma kwa mguu, taratibu, kwa sababu mle ndani mna chakula cha watu. Foleni ikasogea tena, nikakisukuma tena. Bila mkataba wala posho nikawa nimeshaajiriwa na kikapu.

Mama akarejea kikapu chake kilipofika kaunta. Amebeba kikapu cha pili, na nyuma yake binti anasukuma toroli. Mji wetu tunauita mji kasoro bahari. Lile toroli lilikuwa duka kasoro paa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme neno, mama akaniwahi.

"Hujambo baba? Asante kwa kunishikia nafasi, Mungu akubariki."

Nikaufunga mdomo, nikaufungua upya kwa ajili ya shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Hebu ninyanyulie hicho, mgongo unanisumbua."

Nikakinyanyua. Nikapakua unga, mafuta, Blue Band, nikamsaidia na toroli, kisha nikaweka mche wangu wa sabuni pembeni, kwa heshima zote, umbali wa kiganja kutoka kwenye mchele wake. Keshia, binti ambaye kwa wakati ule alikuwa hata hatazami sura za watu, anatazama vitu tu, akapitisha mchele, akapitisha majani ya chai, akapitisha sabuni yangu. Mashine ikalia. Jumla ikatoka.

Mama yule ni mhasibu wa kuzaliwa. Akaitazama skrini, akasema, "Hii sabuni ya nini? Mimi nyumbani nina katoni."

"Si ya huyu kaka?" keshia akauliza. "Kwani hamlipi pamoja?"

Mama akanitazama kuanzia viatu. Akapanda taratibu mpaka usoni. "Simjui," akasema. Halafu, kwa sauti ya huruma iliyofika mpaka kwenye friji za soda: "Baba, kama huna si ungeniomba tu?"

Ningetukanwa ningejitetea. Kwa kuhurumiwa hivyo nikakosa pa kushika. Nikaonyesha noti niliyokuwa nayo mkononi, na nikaona kabisa kwamba imezidi kuniharibia: ana hela, na bado anataka alipiwe.

Sasa sabuni ifutwe. Keshia haruhusiwi kufuta. Kuongeza anaweza, hata duka zima. Kupunguza ni lazima aje msimamizi na ufunguo wake. Ukifikiri vizuri, aliyebuni utaratibu huo alimjua binadamu. Keshia angekuwa na mamlaka ya kufuta, angepokea hela yako taslimu, akufungashie mzigo, kisha ukigeuka afute kitu kimoja na tofauti iingie mfukoni. Ndiyo maana foleni nzima inasimama kwa mche mmoja. Na ikiwa risiti ya EFD, yaani mashine ya kodi, imeshatoka, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mashine hizo, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zina kumbukumbu isiyofutika, ulichoziambia zimekihifadhi.

Msimamizi alikuwa amekwenda kula. Kumtazama mama siwezi, kumtazama jirani siwezi. Nikaitazama sabuni. Pale kwenye nailoni pana ile mistari myeusi ya bakodi, na chini yake tarakimu 13 ambazo sikuwahi kuzisoma. Tatu za mwanzo, 620, maana yake kampuni imepewa namba zake hapa Tanzania. Kenya ni 616, India 890. Tarakimu zinazofuata ni za kampuni na za bidhaa. Lakini uhondo uko kwenye ile ya mwisho, maana kazi yake ni kuzilinda zilizotangulia. Zichukue zile 12 za mbele. Zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo mpaka ya kumi na moja, zijumlishe. Zilizo katika nafasi ya pili, ya nne mpaka ya kumi na mbili, zijumlishe kisha uzidishe kwa 3. Unganisha majibu yote mawili. Tarakimu ya mwisho ni kile kinachopungua ili ufike kwenye makumi kamili. Tuseme namba ni 620123456789. Fungu la kwanza linatoa 26. La pili linatoa 27, mara 3 ni 81. Jumla 107, kufikia 110 panapungua 3, basi ya mwisho ni 3. Vumbi likifunika mstari, mashine ikasoma tarakimu moja visivyo, hesabu inagoma, mashine hailii. Ya sabuni yangu niliipiga kichwani nikiwa nimesimama palepale, ikakubali. Nikapata faraja ya ajabu. Kisha nikaona uonevu wake: maarifa yote hayo, na mashine bado haijui sabuni ni ya nani.

Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa mistari hiyo kwenye kaunta ya duka ilikuwa pakiti ya jojo za Wrigley, tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Jojo. Naomba mlishike hilo.

Msimamizi akaja, bado anatafuna, akafuta. Mama akalipa kwa simu, ujumbe ukachelewa, tukausubiri. Akaniaga kwa baraka.

Nimelala na jambo hili nikaamka nalo, na ninachokiona ni kwamba foleni zetu hazivunjwi kwa ubavu. Mtu akikupiga kikumbo utapata wa kukuunga mkono, hata mlinzi atasogea. Zinavunjwa kwa adabu, na adabu haina dawa. Kuna kijana huingia pale dukani, anaanza na mtu wa nyuma kabisa. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Anasogea kwa anayefuata. "Shikamoo mama." "Marahaba, hujambo?" Anawasalimia wote, mmoja mmoja, bila kuruka, na anapomaliza kusalimia yuko kaunta. Utamwambia nini? Kinywa kilichotoka kuitika marahaba hakiwezi papo hapo kusema rudi nyuma. Kuna dada wa "samahani, nauliza tu," ambaye swali lake huwa ni bei ya sukari na jibu lake huwa ni kuilipia. Kuna wa "nina kitu kimoja tu," kana kwamba sisi wengine tuna vitu kwa kupenda kwetu. Kuna anayemwona mtani wake pale mbele, wakataniana, wakacheka, na tunapomaliza kucheka nao wameshakuwa wawili.

Mjamzito apite, mzee wa fimbo apite, mwenye mtoto anayelia apite haraka kwa faida yetu sote. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na yule anayeshuka kwenye gari lililoachwa linanguruma, ambaye hata hasalimii. Yeye mlinzi humpokea kikapu mlangoni. Keshia huacha bidhaa za mtu katikati, akamhudumia. Nasi tunatazama juu, tunasoma bei za betri. Hapo wala si adabu, ni woga tu, na mwenye gari anajua kuwa tunaogopa, na anajua kwamba mama aliyetoka Mji Mpya kwa miguu kununua maziwa ya mtoto hatasema kitu. Hilo halinichekeshi.

Wazee wa hapa wananicheka kwa kulalamikia kikapu. Wao walisimama foleni zenye jina. Baada ya Vita vya Kagera, miaka ya mwanzo ya 1980, sukari, khanga na hii hii sabuni ya mche vilitafutwa kwenye maduka ya umma ya RTC na kwenye maduka ya kaya, na mtu alikwenda kupanga usiku. Aliyechoka aliacha jiwe. Jiwe, tofali, ndala moja, chochote, kilisimama badala yake mpaka arudi, na ole wake atakayelisogeza jiwe la mtu. Mwaka 1983 serikali, chini ya waziri mkuu Edward Sokoine, ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi walioficha bidhaa, na waliozificha wakawa wanazitupa usiku. Baadaye akaja Rais Mwinyi na ruksa yake, maduka yakajaa, mawe yakarudi barabarani. Kwa hiyo kikapu cha yule mama ni mjukuu wa jiwe, nakubali. Lakini jiwe lilikuwa na uaminifu mmoja: halikurudi na toroli.

Pale Soko Kuu la Chifu Kingalu hakuna foleni na hakuna malalamiko. Mama mwenye karoti za Mgeta anazungukwa na watu wanane, anampimia mmoja, anampa mwingine chenji, anamjibu wa tatu, na akilini mwake anajua nani alitangulia. Ukijifanya umewahi anakwambia, "We subiri, huyu dada alikuwepo." Basi.

Kwingine hakuna mama wa namna hiyo. Kwenye benki moja mjini huwa tunakaa kwenye mabenchi, tukisogea kwa makalio. Niliamka kusalimia, nikarudi nikakuta benchi limeshanisahau. Kwenye bomba la mtaani dumu langu liliwahi kurudishwa nyuma na dumu kubwa zaidi. Stendi ya Msamvu sisemi.

Turudi kwenye jojo. Siku ile, baada ya yote, nililipia sabuni yangu na nilitakiwa kurudishiwa shilingi mia. Nikapewa jojo mbili. Kitu kilichoingia kwenye historia ya dunia kwa kuwa cha kwanza kusomwa na mashine, hapa kwetu kimepanda cheo kikawa sarafu. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inasema mwenye haki ya kutoa noti na sarafu nchini ni Benki Kuu peke yake, lakini kaunta ile ina mamlaka yake. Nina bakuli zima la jojo na pipi za chenji nyumbani, akiba yangu. Niliwahi kuzibeba nikalipie kiberiti. Keshia alicheka mpaka akafuta machozi, akidhani natania. Wenye duka hawakubali fedha yao wenyewe.

Simlaumu binti yule wa kaunta. Siku nyingine duka likiwa tupu nilimuuliza, akanieleza. Droo haina sarafu kwa sababu hakuna aliyekwenda kuzitafuta. Hela ikipungua jioni, anakatwa yeye. Anaingia saa mbili asubuhi, anatoka saa tatu usiku, kwa miguu yake miwili muda wote, siku sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Pigeni hesabu wenyewe, hii haihitaji kuzidisha kwa 3. Ndiyo maana hatazami sura zetu. Mtu aliyesimama hivyo tangu asubuhi akiunganisha sabuni ya huyu na mchele wa yule, mimi nina kinyongo na aliyemsimamisha.

Wenye maduka wa mji huu, ombi langu ni dogo. Ile kaunta ya pili, iliyozibwa kwa maboksi ya maji tangu duka lifunguliwe, ifungueni, angalau mwisho wa mwezi. Tumeni mtu benki akachukue sarafu. Na yule binti mpeni kiti.