Tulikwenda Kutazama Tu

Sisi watu wa Mombasa tukivuka mpaka wa Sirari hujiona tumekwenda kuwafundisha wenzetu Kiswahili. Katika kundi letu alikuwemo Mwalimu, ambaye kazi hiyo huifanya hata kwa makondakta. Mhasibu, aliyegawa kila bei kwa ishirini ili aijue kwa shilingi ya Kenya, akafurahi, kisha akaanza kushangaa upya kwenye bei inayofuata. Na Bwana Harusi Mtarajiwa, mwenye safari yake. Alikuwa amemwahidi mchumba pete ya dhahabu iliyotoka ardhini Geita moja kwa moja, isiyojua duka. Sisi wengine tulisema tunafuata utamaduni.

Kabla ya kuingia Mwanza tulisimama Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padri Mkanada, David Clement. Lipo jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ngoma za watemi zimehifadhiwa. Mwalimu aliigonga moja kwa kidole, akaonywa kwa upole. Maonyo yaliyofuata safarini hayakuwa na upole huo.

Mwenyeji wetu alikuwa mjomba wa dereva, mzee wa kijiji kimoja nje ya mji wa Shinyanga. "Karibuni wanangu," akatuambia, "mmekuja wakati mzuri, pamba imepasuka." Tulidhani anatusifia mandhari. Kabla ya jua kuwa kali kila mmoja alikuwa na gunia kiunoni. Mhasibu aliuliza kama kuna malipo, akaletewa bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi. Akatia mdomoni kipande, akatafuna, akakitoa, akakitazama. Mama mwenye nyumba akamwambia taratibu kwamba hupikwa kwanza.

Jioni ndipo tulipopelekwa kwenye ngoma, na hapa sina budi kueleza kidogo. Mashindano ya ngoma za Wasukuma hayana majaji wa kukaa mezani. Makundi mawili hasimu, Wagika na Wagalu, hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi na ngoma zake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo hakuna kinachoachwa nyumbani: sarakasi, vinyago, moto, vichekesho vya wakwe, na nyoka, ufundi wa Bayeye, chama cha wacheza nyoka.

Mhasibu ni mtu wa kutaka thamani ya pesa yake hata pasipo kiingilio. Alijipenyeza mpaka mstari wa mbele, upande wa Wagika. Ngoma zikapanda. Kijana mmoja akafungua gunia, akatoa chatu mnene kama paja, akajitwika mabegani, akaanza kuzunguka akiwasalimia watazamaji mmoja mmoja. Alipomfikia Mhasibu hakumkuta. Palibaki kiatu kimoja.

Mhasibu alikuwa tayari katikati ya uwanja, na kwa bahati mbaya mbio zake zilielekea kwa Wagalu. Watoto wakaona: mtu mzima, mgeni, anakimbia vile, basi huko lazima kuna jambo kubwa. Wakamfuata. Akina mama wakawafuata watoto, waendesha bodaboda wakawafuata akina mama, na mara uwanja mzima ukahama. Wagika wakabaki na chatu wao pamoja na wazee wachache waliochoka kukimbia. Wagalu wakambeba Mhasibu juu juu, yeye akidhani anapelekwa kwa chatu mwingine, akipiga mayowe ambayo wapiga ngoma waliyatia ndani ya mdundo.

Baadaye mzee mmoja wa Wagika akaja kumhoji. "Mwanangu, wamekupa dawa gani?" Swali halikuwa la mzaha. Makundi haya yanasimulia asili yao kwa Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 waliogombania nani mwenye dawa kali ya kuvuta watu kwenye ngoma. Mhasibu akajibu kwa dhati kwamba dawa anayotumia ni ya vidonda vya tumbo. Mzee akaitikia, akaondoka akiirudia rudia ili asiisahau.

Kesho yake ilikuwa zamu ya bugobogobo, ngoma ya majembe. Vijana huyarusha, huyazungusha, huyadaka kwa mgongo wa mkono. Mwalimu aliona ni suala la hesabu ya mdundo tu, akaomba jembe. Alilizungusha mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili mpini ukabaki mkononi na jembe likapaa, likazama kwenye lundo la pamba la mjomba, na kulitafuta ikawa kazi ya wageni wote.

Mjomba akatuonyesha kilichotokea. Mpini una kichwa kinene kilichotobolewa tundu kwa chuma cha moto, na mkia wa jembe hupenya humo bila msumari wala gundi. Ukipiga ardhi, mkia unazidi kuingia. Ukilirusha hewani na mpini umekauka, unachomoka. Akakitia kichwa cha mpini majini mpaka mti ukavimba ukalibana jembe, kisha akamrudishia Mwalimu: "Hili linataka udongo, mwanangu, halitaki makofi."

Akaongeza kwamba zamani majembe hayakutoka dukani. Warongo, wahunzi wa upande wa Geita na Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma kwa tanuri na mivukuto, na jembe lilifanya biashara na kulipa mahari kabla watu hawajaanza kuisumbukia dhahabu. Bwana Harusi akainua kichwa. "Mahari? Jembe linatosha?" Tukamwambia atulie, Geita haiko mbali.

Tulipitia Kahama mpaka Geita. Kwa wachimbaji wadogo, karasha husaga mawe mpaka vumbi limfanye kila mtu babu. Mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, kijana mmoja alizungusha karai, mchanga ukamwagika kidogo kidogo, ukabaki mstari mweusi wenye punje za njano ukingoni. Bwana Harusi akainama apige picha, simu ikatumbukia kwenye tope. Waliitafuta kwa utaratibu uleule wa kutafuta dhahabu, wakaipata, na mgawo ukapigwa papo hapo: sehemu ya mwenye eneo, ya mwenye duara, yaani shimo, ya mwenye mwalo, na ya aliyezamisha mkono. Tulilipa kwa soda.

Punje hawakumuuzia Bwana Harusi. Dhahabu inauzwa sokoni kwa utaratibu wake, na soko la Geita lipo tangu Machi 2019, lilipofunguliwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Bwana Harusi akawakumbusha kwamba Williamson, mwenye mgodi wa Mwadui, alimpa Elizabeth wa Uingereza almasi ya waridi kwa ajili ya harusi yake mwaka 1947, bure. "Yule alikuwa binti mfalme," akajibiwa. "Wewe simu yenyewe tumekuokolea."

Tulirudi kwa Daraja la JPM, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Mwalimu alikuwa ametuahidi samaki wa kukaanga kwenye foleni ya kivuko. Foleni haipo tena, tukavuka na njaa.

Sirari ofisa aliuliza kama tuna dhahabu. Hatukuwa nayo. Akaliona jembe tulilopewa na mjomba. "Na hili?" Bwana Harusi akasema ni la mahari, tukapita. Wakwe nao walilipokea, kwa sharti liongezewe pete, na pete imetoka dukani.

Nawe ukienda, nenda kati ya Juni na Agosti, ngoma zikiwa zimenoga. Beba nguo ya kuchumia pamba. Na chatu akitolewa, kimbia upendavyo, ila kimbilia barabarani.