Farasi Arobaini Chini ya Boneti

Huddersfield, Uingereza

Wapendwa Mzee, Mama, Kibet na wote mlioko Londiani,

Mimi ni mzima, kazi ya uuguzi inaendelea. Ile baridi ambayo shangazi alinililia siku naondoka haijanifanya lolote. Wenzangu kutoka Mombasa na Kisumu ndio wanaotetemeka. Mtu aliyekuwa akienda shule asubuhi ya Julai katika ukungu wa Londiani hatishwi na Yorkshire.

Dhumuni la barua hii ni kusafisha jina langu. Nasikia Kibet amewaambia watu baada ya ibada kwamba nimelinunulia gari langu farasi 40, na Mzee akauliza wanalishwa nini. Mzee, farasi ni kweli wapo. Wanakunywa dizeli.

Gari lenyewe mmeliona kwenye picha, ile Škoda Octavia ya kijivu, injini ya lita 2 yenye turbo. Lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 150. Ndani ya magari ya siku hizi kuna kompyuta inayoamua dizeli iingie kiasi gani, iingie lini, na turbo isukume hewa kwa nguvu ipi. Wenye kiwanda huacha akiba kubwa katika maagizo hayo, kwa sababu gari hilohilo litauzwa penye joto na penye barafu, litatiwa mafuta mazuri na mabaya, na litamilikiwa na watu kama mjomba, ambaye hubadilisha oili pale tu injini inapomwomba kwa sauti. Sasa kuna mafundi wanaoifungua kompyuta hiyo na kuyaandika upya maagizo. Huo ndio urimapu. Gari kama langu hutoka kwenye farasi 150 likafika karibu 190, na ile nguvu ya kuvuta inaongezeka kiasi kwamba mlima unaupanda bila kushusha gia.

Mtauliza, mlima gani huko Uingereza? Hapo ndipo mtakapocheka. Mji huu uko kando ya barabara ya M62, inayovuka milima ya Pennine, na Waingereza wanajivunia kwamba ndiyo barabara kuu iliyo juu kuliko zote nchini mwao. Wameweka hata kibao. Urefu wake kutoka usawa wa bahari ni mita 372. Sisi tumezaliwa kwenye mita 2,300 au zaidi. Kwetu, mtu akijikuta kwenye mita 372 ujue amekaribia Mombasa na ameshavua koti. Lakini ukitoka kazini usiku, mvua inapiga kwa ubavu, lori limekutangulia na lingine linakusukuma kwa nyuma, hata hicho kilima unakiheshimu.

Mzee atakumbuka Februari 2004, marehemu Waziri John Michuki alipozifunga matatu vidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa, kila abiria na mkanda wake. Magari mengi yakatoweka barabarani na watu wakapiga mguu. Huku watu wazima wanamlipa fundi pauni 300, zaidi ya shilingi 50,000 za kwetu, ili gari lao liwe na haraka zaidi, kisha wanaingia kwenye barabara ambayo mwisho wake ni maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112, na kamera zake hazijali umeongeza farasi wangapi. Na mimi nimekuwa mmoja wao. Mama, soma polepole, mazuri yanakuja.

Hiyo kazi ya kompyuta yenyewe ni ya saa moja au mbili. Kilichonitoa jasho ni bima.

Kwetu bima ni karatasi. Unaenda kwa ajenti mjini Kericho, unalipa, anakupa cheti, mnaagana kwa salamu za nyumbani. Huku bima ni kitubio. Nilipiga simu, akapokea kijana mwenye sauti tamu, akaniita kwa jina langu la kwanza kana kwamba tulichunga ng'ombe pamoja, akaanza. Unafanya kazi gani? Umeolewa? Gari linalala wapi usiku, barabarani, uani au ndani ya gereji? Ni la kwenda kazini tu au pia la biashara? Kuna mwingine atakayeliendesha? Mwaka mzima litakwenda maili ngapi? Nikamjibu kila swali kwa adabu. Kisha akauliza, "Gari limebadilishwa chochote tangu litoke kiwandani?"

Nikamwambia bado, ila wiki ijayo nataka kulirimapu.

Kikafuata kimya. Halafu nikawekewa muziki.

Aliporudi, sauti ilikuwa imepungua sukari. Kampuni yao haibebi magari yaliyorimapiwa. Ya pili ikakubali, lakini kwa bei ambayo mtu angenunua ndama wawili wa Friesian na chenji ya kuwapeleka nyumbani. Ya tatu ni ya wale waliobobea katika magari yaliyoguswaguswa, na hao walinisikiliza bila kushtuka. Walitaka kujua fundi ni nani, nguvu itafika wapi, breki na magurudumu ni ya kiwandani au la. Wakaongeza pauni 140 kwa mwaka, na sharti moja: fundi asiguse kitu hadi wanitumie barua ya kuthibitisha, na baadaye niwape ile karatasi ya vipimo.

Kibet ameshaniandikia kwamba mimi ni mjinga, kwamba kompyuta haionekani, nani angejua? Ndugu yangu, huku kuna sheria ya mwaka 2012 ya bima za wananchi wa kawaida. Ukiulizwa swali na ukadanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba kana kwamba haukuwahi kuwepo, na pesa ulizolipa ikakaa nazo. Ukikosea kwa uzembe tu, wanaweza kukukatia fidia kwa kadiri ya ada ambayo hukulipa. Na usifikiri hawatajua. Gari likigongwa vibaya linaletewa mtaalamu, naye anaweza kuichomeka kompyuta ileile na kuisoma. Yule uliyemgonga atalipwa, kisha kampuni inageuka na kukudai wewe.

Bima ikifutwa, kamera za polisi zinasoma namba ya gari na kuiuliza hifadhidata kama lina bima. Likikosa, linaburutwa mbele ya macho yako, faini ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Mwajua leseni yetu ya Kenya huku inaheshimiwa kwa miezi 12 tu, kisha unafanya mtihani upya kama mtoto. Mimi nimefaulu juzijuzi, na dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza, leseni inafutwa na anarudi mwanzo. Siwezi kumpa tena yule mtahini nafasi ya kunisikiliza nikimwita "sir" kila kona.

Mpaka hapo nilikuwa nimevumilia. Kilichonivunja mbavu ni ile fomu ya mabadiliko ya watu wa bima. Wanataka uandike kila kitu: rimu, ndoano ya kuvutia tela, vioo vilivyotiwa giza, hata michoro na stika. Nikaifikiria pikapu ya Mzee. Mzee, keti chini nikujazie fomu. Mlango wa kushoto: wa gari jingine, rangi nyingine. Kiti cha dereva: kimetoka kwenye matatu iliyostaafu. Bampa ya mbele: chuma cha geti, kimechomelewa na fundi wa jua kali pale sokoni. Honi: ya lori. Tangi la mafuta: jerikeni, kwa muda, tangu nikiwa darasa la sita. Stika: "Mungu ni Mwema" mbele, na nyuma ile ya mbunge aliyeshindwa. Yule kijana mwenye sauti tamu angelazwa kwenye wodi yangu.

Turudi kwa fundi. Ni mzee wa Kiyorkshire wa maneno machache, na kabla ya kuifungua kompyuta yake alinifukuza mara ya kwanza. Akasema hatii nguvu kwenye injini mgonjwa. Oili mpya, filta ya hewa mpya, filta ya dizeli mpya, kisha nirudi. Niliporudi akachomeka kifaa cha kusoma hitilafu, akavua kifuniko, akaingiza mkono kufuata ile mipira mikubwa inayopeleka hewa kutoka kwenye turbo. Mahali fulani mkono ukatoka na mafuta kidogo kwenye vidole. Akanionyesha kimyakimya. Pale penye unyevu ndipo upepo unapovujia, na ukiongeza msukumo mpira utapasuka ukiwa katikati ya mlima. Tukabadilisha mpira.

Kisha klachi. Akanipeleka barabarani, akanambia niweke gia ya juu katika mwendo mdogo na nikanyage mafuta mpaka chini huku nikiutazama mshale wa mizunguko. Mshale ukiruka juu na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza, na farasi 40 zaidi wataimaliza kabla ya Krismasi. Yangu ilishika. Akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwa watu wa huku hiyo ni hotuba.

Ndipo akaunganisha chaja kwenye betri, kwa sababu umeme ukishuka wakati kompyuta inaandikwa, inaweza kufa palepale na gari lisiwake tena. Akahifadhi nakala ya maagizo ya kiwandani, akachomeka waya chini ya usukani, akaenda kunywa chai. Mimi nikabaki nikitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini na taa za dashibodi zikipepesa kama disko ya Chepseon. Hiyo chai yake, jamani, ni ya paketi, na sehemu kubwa ya chai ya Uingereza hutoka kwetu Kenya. Ameitia maziwa tone moja. Mama angemnyang'anya kikombe.

Alinikatalia jambo moja tu, hata kabla sijauliza. Kuna vijana hung'oa lile chujio la moshi wa dizeli ili injini ipumue. Tangu Februari 2014, gari lililokuwa na chujio hilo kiwandani likienda ukaguzi wa kila mwaka bila chujio, linaanguka. Yeye haligusi. Baadaye tulipandisha gari kwenye mashine ya magurudumu, ikatoa karatasi: 188. Nimeshaituma kwa watu wa bima.

Sasa Mama. Najua uliposikia habari hizi ulisema neno moja, breki. Nami sijasahau Juni 30, 2023, lile lori la kontena lilipoacha njia pale Londiani Junction na kuua zaidi ya watu 50, watu wa kuuza mboga na watu wa kungoja gari. Tunawajua. Kwa hiyo pesa za kwanza hazikwenda kwenye kompyuta. Zilikwenda kwenye breki za magurudumu manne na matairi mapya. Fundi angenikubalia bila hayo, mimi sikukubali.

Na wewe Kibet, uliyeandika kwamba kuna kijana Nakuru mwenye laptopu atakayeirimapu Probox yako kwa elfu kumi na tano, nisikilize. Probox yako haina turbo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, na kwa urefu wa Londiani hewa imepungua kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Wale farasi mia na kidogo walioandikwa kwenye karatasi, hapo kwetu wanabaki themanini na kitu, na laptopu haina hewa ya kukuongezea. Usiniletee mfano wa Patrick Njiru kumaliza Safari Rally ya 1993 kwa Subaru Vivio ya injini isiyofika cc 700. Ile ilikuwa na mtambo wa kuisukumia hewa ndani. Wewe una filta ambayo hujaibadilisha tangu uinunue.

Tena kuna hili, na nalisema mbele ya wazazi. Probox hiyo umeikatia bima ya gari la kibinafsi. Kila alfajiri unapakia watu kumi kwenda Kipkelion, wawili wakiwa buti, na mmoja amempakata dereva. Siku ya ajali, swali la kwanza la watu wa bima halitakuwa kuhusu kompyuta. Watauliza gari lilikuwa limebeba nani, na kama ni kwa nauli. Sheria ya kwetu ya bima, Sura ya 405, inataka bima kwa ajili ya wale utakaowaumiza, na fomu uliyoitia sahihi ilikuuliza gari ni la matumizi gani.

Zile elfu kumi na tano usizipeleke Nakuru. Nenda nazo Kericho Jumatatu, ubadilishe bima iwe ya kubeba abiria, na kama zimepungua niambie nitume zilizobaki. Usipofanya hivyo, Mzee akae na ufunguo.

Ndimi binti yenu, Chebet