Sifa za Dirisha la Siku 40

Waliozoea kusifu wafalme na waendelee. Mimi nalisifu dirisha dogo la WinRAR, programu ya kubana na kufungua mafaili, lile linalojitokeza katikati ya kioo cha kompyuta kutukumbusha kwamba siku 40 za majaribio zimekwisha, tafadhali tununue leseni.

Ada ya sifa ni kuanza na nasaba. Muundo wa mafaili ya RAR ulibuniwa na Mrusi, Eugene Roshal, ukatoka mwaka 1993. WinRAR ikafuata mwaka 1995. Tangu hapo dirisha limekuwa likidai, na tangu hapo halijamfukuza mtu. Nionyesheni mwenye nyumba wa namna hiyo: anabisha hodi kila asubuhi, anataja kodi, anaambiwa "sawa", anaondoka zake, na maji hakati. Microsoft Office haina subira hiyo. Leseni ikiisha, utasoma waraka wako, utauchapisha, lakini kubadili hata nukta huruhusiwi.

Tena halibagui. Ingia steshenari yoyote: mwanafunzi kaleta flashi yenye faili la RAR, mhudumu analibofya, dirisha linatoka, analifunga huku macho yakiwa kwenye printa na mdomo ukiuliza, "Kopi ngapi?" Mkurugenzi ofisini kwake hulifunga vilevile. Mbele ya dirisha hili wadaiwa wote ni sawa.

Upole huo, hata hivyo, una wasioustahili. Wapo wanaohangaika kutafuta krak, yaani toleo lililovunjwa kufuli, ya WinRAR, wakaambulia virusi, ili wakwepe kulipia kitu ambacho hakuna aliyewalazimisha kukilipia.

Lakini sifa kuu ya dirisha hili ni ualimu. Limetufunza kufunga kabla ya kusoma. Matunda ya elimu hiyo yalionekana mwaka 2019, watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walipotangaza dosari ya usalama iliyojificha ndani ya WinRAR kwa miaka 19 hivi. Haikuwa kwenye programu yenyewe, bali kwenye kipande cha kuazima, unacev2.dll, kilichofungua mafaili ya ACE. Watengenezaji wa WinRAR hawakuwa na msimbo wa kipande hicho, kwa hiyo hawakuweza kukirekebisha, wakakiondoa kabisa. Toleo salama likatolewa kwa wote, waliolipa na wasiolipa. Ila WinRAR haijisasishi yenyewe: lazima mtu asome tangazo, apakue toleo jipya, aliweke. Nani asome? Wanafunzi wa dirisha letu walikuwa wameshahitimu. Tangazo, onyo na tishio vyote waliviona ni kodi ileile, wakavifunga.

Basi tulipe heshima, maana fedha tumeshindwa kulilipa. Miaka yote hii linatuwekea vitufe na kutuachia hiari. Cha kufunga kingekuwa cha plastiki kingeshafutika maandishi. Cha kununua kingali kipya kama kilivyotoka kiwandani.