Sifa za Mtaro Ulioziba

Kituo cha kuchuja maji ya mvua ninachokienzi kuliko vyote mjini Kitale hakina geti, hakina mlinzi, wala hakuna mheshimiwa aliyewahi kukikatia utepe. Ni kalvati iliyoziba. Imezibwa na magunzi ya mahindi, nepi, nywele za bandia kutoka saluni, matope ya tangu mvua ya mwaka juzi, na kiatu kimoja cha mtumba. (Kila mtaro una kiatu kimoja. Cha pili sijawahi kukiona popote.) Mvua ikinyesha, mji mzima huitukana. Mimi nimejitolea kuwa wakili wake, tena bila malipo.

Kwanza tuelewane kuhusu mtaro usioziba, maana huo ndio unaosifiwa bure. Watu wengi hudhani maji yakishaingia mtaroni yameingia serikalini: yatapokelewa mahali, yatasafishwa, yatapigwa muhuri. Hakuna kitu kama hicho. Maji ya chooni, kwa nyumba zilizounganishwa, hupita kwenye bomba la maji taka mpaka kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Hiyo ni kazi ya kampuni ya maji ya Nzoia, ambayo kwa miaka mingi imehudumia Kitale na Bungoma zote mbili. Mtaro wa barabarani hauna udugu na bomba hilo. Kazi yake ni kuondoa maji ya mvua barabarani, na mwisho wake ni mtoni. Njiani hakuna chekeche, hakuna dawa, hakuna mtu. Fundi akimwaga oili chafu mbele ya gereji saa nne asubuhi, na mvua ikapiga saa tisa, oili ile haina stendi ya kushukia.

Mto wenyewe nao una watu. Kitale imekaa kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangany, na maji yake huteremkia Nzoia. Bungoma ina Khalaba yake, na maji ya huko pia mwisho wake ni Ziwa Victoria. Nzoia hutembea kilomita zipatazo 257, na kabla ya kulifikia ziwa hupita Budalang'i, ambako watu wanalala nyuma ya matuta ya udongo wakisikiliza kama mto umepanda. Kwa hiyo mtaro safi, wenye kasi, wa kupigiwa makofi, ndio unaochukua taka za Kitale na kuwapelekea watu wa Budalang'i bila hata hodi. Mteja wangu hana tabia hiyo. Tangu 2013 tumehubiriwa ugatuzi kwenye kila mazishi, na sijaona aliyeutekeleza kama yeye: taka za kaunti zibaki ndani ya kaunti.

Sifa yake ya pili ni uaminifu. Hakuna ofisi inayorudisha mali ya watu upesi kama mtaro ulioziba. Ulitupa pakiti ya maziwa Jumatatu ukadhani mmemalizana. Alhamisi mvua ikianguka, anakuletea pakiti yako mpaka mlangoni, pamoja na za jirani, juu ya maji ya rangi ya chai, na haulizi risiti. Mwenye duka hupandisha magunia ya unga juu ya kreti za soda na kuilaani kaunti. Lakini mwangalie mtu huyohuyo saa kumi na mbili asubuhi. Ufagio wake huanzia nyuma ya kaunta, ukatoka kizingitini, ukavuka baraza, ukasukuma makaratasi, vumbi na vifuniko vya chupa mpaka ukingoni, kisha hupiga pigo moja la mwisho, lenye maringo kidogo, na vyote vikatumbukia. Hapo duka limekuwa safi. Sijui kwa nini anashangaa mizigo yake ikirudi.

Kwa chakula mteja wangu hachagui, ila ana ladha za kwao. Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzia huko 1956. Basi mtaro wa Kitale hula magunzi. Msimu wa mahindi mabichi, mwenye jiko la mahindi choma hukaa ukingoni kabisa, na mnunuzi akimaliza kutafuna hana haja hata ya kugeuza shingo. Bungoma ni nchi ya miwa, na huko kazi ni ya kisanii zaidi. Gunzi hubingirika tu na kukwama. Kapi la muwa hujisuka. Anayetaka kuona wavu ukifumwa bila fundi akainame kwenye mdomo wa kalvati: nyuzi za muwa zimeshikana na uzi wa rasta, uzi umenasa kijiti, kijiti kimenasa chupa ya soda, chupa imekinga matope, na nyuma ya hayo yote maji yamesimama kimya yakivuta povu la sabuni. Wiki chache baadaye hata mchanga haupenyi. Halmashauri ya Kwinana, Australia, ilifunga nyavu mbili kwenye midomo ya mitaro yake mwaka 2018, na katika miezi ya mwanzo zikakamata kilo 370 za taka, dunia nzima ikasambaza picha. Wetu hufanya kazi hiyo bila zabuni, na hakuna anayempiga picha ila kwa kumsimanga.

Sheria imejaribu kumnyima riziki. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya juala za plastiki ilianza, na adhabu yake si mchezo: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Niliingiwa na hofu, kwa maana juala ndiyo iliyokuwa mhimili wa kila kizuizi cha heshima. Lakini marufuku haikugusa chupa wala nepi, na juala nyembamba bado huvuka kutoka Uganda. Lwakhakha si mbali na Bungoma. Ikaja sheria ya usimamizi wa taka ya 2022, inayotaka taka zitenganishwe palepale zinapotoka. Mteja wangu amekuwa akizitenganisha siku zote: nzito hukaa chini, nyepesi huelea.

Kuhusu mafuriko, naomba lawama igawanywe. Reli ilipofika Kitale 1926, maji ya mvua yalikuwa na ardhi ya kuyanywa. Tangu hapo kila paa la mabati na kila hatua ya lami imefunga kinywa kimoja cha ardhi, na maji yote yakaelekezwa kwa huyu mmoja. Wezi nao walimchangia kwa kung'oa mifuniko ya chuma na kuipeleka kwa wauza vyuma chakavu, mpaka serikali ikaifunga biashara hiyo kwa miezi kadhaa mwaka 2022. Wanaomshtaki kwa malaria pia wanamwonea. Mbu wa malaria hupenda zaidi maji matulivu yasiyo machafu sana, kama kidimbwi kilichoachwa na kwato za ng'ombe. Yule wa mtaroni mara nyingi ni kuleksi, anayekunyima usingizi na kukuachia uvimbe. Kipindupindu ni kesi nyingine, na hapo naomba mahakama iahirishe.

Nitakuwa wakili wa uongo nikificha udhaifu wake. Vinavyoonekana huvikamata; visivyoonekana humpita. Oili hupanda juu ya kizuizi ikiwa imevaa rangi zote za upinde wa mvua, sabuni ya wanaoosha magari hupenya, mkojo hupenya. Na kuna siku moja kila mwaka humzidi nguvu kabisa. Baada ya kiangazi cha kuanzia Desemba, lami imekusanya matone ya oili, vumbi la breki, kinyesi cha mbuzi na cha wasio mbuzi, na mbolea iliyomwagika mbele ya maduka ya pembejeo. Mvua ya kwanza kubwa ya Machi au Aprili huosha mji mzima kwa mkupuo na kuuteremsha mtoni. Mvua zinazofuata, hata zikiwa kubwa kuliko hiyo, hubeba uchafu mdogo zaidi. Mbolea ile ikifika ziwani hulisha magugu maji. Kabla ya kufika, hukutana na wageni: samaki ningu hungoja mito ifurike ndipo atoke ziwani kupanda Nzoia kwenda kutaga. Yeye anapanda, sisi tunashuka.

Mshindani mmoja tu humtia wivu mteja wangu, nacho ni kinamasi cha Saiwa, si mbali na Kitale. Hifadhi hiyo ya taifa ilitangazwa 1974, ni ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba kama tatu, na swala aina ya nzohe hutembea humo wakiwa wamezama nusu. Mafunjo yake hupunguza mwendo wa maji, hutuliza tope, hunywa mbolea. Ni kazi ileile, tofauti ni kwamba kinamasi hakinuki.

Sasa nije kwa wanaotaka kumng'oa. Kila mwaka mawingu yakianza kukusanyika juu ya Elgon, huja vijana wa kibarua na gambuti na koleo. Huchimbua kalvati mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Matope, magunzi, nepi na kile kiatu hurundikwa ukingoni, sentimita chache kutoka yalikotolewa, ati yakauke kwanza. Picha hupigwa, karatasi hutiwa saini. Rundo hukaa hapo, boda boda hulizunguka, kuku hulipekua, na mvua ya kwanza huirudisha nusu yake mtaroni na kuipeleka nusu nyingine mtoni, kwa maana sasa njia iko wazi. Kitu ambacho mteja wangu alikizuia mwaka mzima huondoka kwa alasiri moja.

Hata hivyo si mkaidi. Nimezungumza naye na yuko tayari kustaafu kwa masharti manne. Kila gereji iwe na pipa la oili chafu, ambayo tayari ina wanunuzi wa kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Kila mdomo wa kalvati uwe na chekeche la nondo linaloondolewa taka kila wiki, si kila uchaguzi. Uchafu unaofagiliwa dukani uingie kwenye debe. Na matope yakizibuliwa yapakiwe lorini siku hiyohiyo. Masharti matatu ya kwanza aliyataja kwa utulivu wa mzee. Alipofika kwenye lori, akacheka mpaka akatoa povu.