Yule? Yule Hawezi!

Msyuuu! Nimesonya mpaka muuza kahawa akadhani kahawa yake imechacha. Tulia mzee wangu, kahawa haina neno. Kilichochacha hapa Tandika leo ni maneno.

Habari kaileta dogo wa bodaboda, na pikipiki bado inaunguruma: binti wa nyumba ya wapangaji mtaa wa nyuma kaenda Dawati la Jinsia na Watoto. Kamshitaki mpangaji mwenzao kwa kumbaka. Mpangaji mwenyewe wote tunamjua. Mpole, shikamoo haimtoki mdomoni, msibani hakosi, mchango anatoa bila kukumbushwa. Basi dogo hajashusha hata stendi, hukumu imeshatoka: "Yule? Aka! Yule hawezi."

Hawezi kwa sababu anaamkia watu!

Mimi sisemi kafanya. Sikuwepo. Lakini na nyie hamkuwepo, ila mmeshamwachia huru kabla hajakamatwa. Tatizo la kijiwe hiki ni kwamba mbakaji wake anajulikana sura: ana macho mekundu, anatoka kichakani saa nane usiku na panga mkononi, hana jina wala kwao. Huyo yupo, sikatai. Ila Temeke hii vichaka viko wapi? Vyote vimeshajengwa fremu. Ule utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, kuanzia kushikwashikwa hadi kubakwa. Wageni walitajwa, lakini waliotajwa zaidi ni watu wanaofahamika, wakiwemo majirani na wapenzi. Watu wa shikamoo hao hao.

Ukishamweka mbakaji kichakani, ikitokea chumbani lazima umtafutie binti kosa. Fundi viatu akalipata upesi, sindano bado iko kwenye soli: "Si alikwenda mwenyewe chumbani kwa jamaa kuazima pasi?" Ndiyo, alikwenda kuazima pasi. Anayekwenda kuazima pasi anataka pasi.

Mzee wa drafti akaingia na lake. Nyumba ile kuta zake hata ukikohoa jirani anakupa pole, sasa mbona binti hakupiga kelele? Hapo nikamgeukia. Mzee wangu, kwa heshima zote, siku ile vibaka walipovamia kijiwe hiki na mapanga, wewe ulipiga kelele? Ulibaki na kete hewani, kinywa wazi, mpaka wakaondoka na simu zetu zote, na ndipo ukaanza kuuliza nani kachukua kofia yako. Kijiwe kikacheka, mwenyewe akacheka. Mwili ukishikwa na hofu unaweza kuganda, sauti ikakata, mikono ikakataa kutii. Madaktari wanaijua hali hiyo, na sheria nayo haikuisahau. Ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo mawakili huiita SOSPA, iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kwamba si lazima kuwe na majeraha mwilini ili kuthibitisha kuwa mtu hakuridhia. Na ridhaa iliyopatikana kwa vitisho haihesabiwi. Michubuko inadaiwa kijiweni tu.

"Na shahidi je? Walikuwa wawili tu chumbani." Dogo huyo. Sasa dogo, nani anabaka kwa kualika watu? Mahakama ya Rufani imeshasema, na imerudia, kwamba katika kesi hizi ushahidi bora ni wa yule aliyetendewa. Haina maana kwamba kila anenalo ni msahafu. Anahojiwa, anabanwa maswali, hakimu anampima, na mpangaji naye anasikilizwa. Ndiyo kazi ya mahakama, na inahitaji muda mrefu kuliko kikombe kimoja cha kahawa.

Mama wa vitumbua alikuwa kimya muda wote, anageuza tu. Dogo alipouliza mbona binti kakaa siku mbili bila kusema, mama akaweka kijiti chini. "Angemwambia nani? Nyie?" Halafu akatupa darasa ambalo wengi wetu hatukuwa nalo. Mtu akifanyiwa hivi asioge kwanza, hata kama mwili wote unamlilia maji. Nguo asizifue, azitie kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Akifika polisi anapewa fomu ya PF3, hospitali wanaijaza. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni nafuu. "Na kama ameshaoga?" dogo akauliza, safari hii kwa adabu. "Aende hivyo hivyo, mwanangu. Na zikipita siku kumi, aende pia."

Fundi viatu akaona mambo yamekuwa mazito, akatupa utani: afadhali sisi wanaume hatubakwi. Msyuu nyingine. Utafiti ule ule, wavulana ni kama mmoja katika kila saba. Kwao sheria ina kosa la kulawiti, na aliyelawitiwa akiwa chini ya miaka 18, adhabu ni kifungo cha maisha. Mtoto wa kiume atakuja kukuambia wewe fundi, na kicheko hicho?

Pahali pamoja mzee wa drafti alinishinda, nikubali. Alisema mume hawezi kumbaka mkewe, na kwa sheria ya Bara yuko karibu na ukweli: kifungu kinamgusa mume pale tu wanapokuwa wametengana. Mimi naona hapo sheria imelala. Yeye akala kete mbili kwa furaha.

Lakini kilichonisonyesha zaidi ni kile dogo alichokibakiza mwisho. Jana jioni ndugu wa mpangaji walionekana kwa baba wa binti, na mjumbe katikati, wanataka "kuyamaliza kinyumbani." Laki tano imetajwa. Nusu ya kijiwe ikatikisa kichwa: busara hiyo. Busara gani? Kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri, si shamba la baba mtu aliuze. Mpangaji akitiwa hatiani, kifungo hakipungui miaka 30, na fidia ipo pia, ila inaamriwa na mahakama na mwenye kulipwa ni aliyetendewa. Hiyo laki tano ya sebuleni inaingia mfuko wa baba, mjumbe anapata ya soda, mpangaji anarudi kutusalimia.

"Sasa binti mwenyewe anapata nini?" akauliza muuza kahawa.

Fundi viatu akakata uzi kwa meno. "Anapata nauli ya Korogwe. Wameshamwambia afungashe, akakae kwa shangazi yake."