Namna ya Kufufua Gari la Telekomande Kisangani

Kwanza kabisa, pata gari lililokufa. Lililo hai halina haja na wewe. Litakimbia, litavunjika, na mtoto atadai jingine. Na usilitafute dukani. Litafute juu ya kabati la mama yako, nyuma ya masufuria ya sherehe, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Letu lilikaa huko zaidi ya miaka 20 pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Ukikuta mama ameweka kitu pamoja na vyeti vya ubatizo, usimwulize kama bado anakitaka. Mwombe. Ikibidi, piga magoti.

Ni Grasshopper la Tamiya, jeupe, na matairi yake ya nyuma yana meno kama ya kulimia. Mjomba alilileta kutoka Ubelgiji likiwa limeshatumika, akamkabidhi yaya, ndugu yangu mkubwa, mbele ya watoto wote wa kiwanja, na kwa Krismasi mbili hatukujua mchezo mwingine. Kisha betri yake ikafa. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, mama alinyakua mfuko wenye karatasi za nyumba tukakimbia. Tulipofika tulikofika, akaufungua kutafuta vyeti, akakuta yaya ameshalisukumia gari lake humo. Mama hakusema neno. Alilifuta vumbi kwa kitenge chake, akalirudisha ndani ya mfuko.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, uliza gari lako limepita wapi.

Uliza na ukoo wake, maana gari lisilojulikana ukoo hufunguliwa kwa pupa. Babu wa magari haya ni mashua. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliweka mashua ndogo ya chuma ndani ya bwawa na kuiongoza kwa mawimbi ya redio, watu wakitazama bila kuona waya wowote. Sisi watu wa mtoni tuna haki ya kulifurahia jambo hilo. Magari yalifuata baadaye sana. Wafuatiliaji wengi huanza hesabu mwaka 1966, Waitaliano wa Elettronica Giocattoli walipoanza kuuza Ferrari ndogo ya kuendeshwa kwa redio. Mwaka huohuo Stanleyville ikapewa jina la Kisangani. Tamiya, Wajapani wa Shizuoka, waliingia mwaka 1976 na Porsche 934, na Grasshopper likatoka mwaka 1984: gari la bei nafuu, la kuunganisha mwenyewe skrubu kwa skrubu, ambalo mtoto akishalijenga ameshajua kulitengeneza.

Hapo ndipo linapokutana na ukoo wake wa pili, ule wa mitaa yetu ya Mangobo, Kabondo na Lubunga. Ukoo huu usiuruke hata kama una haraka ya kuona taa ikiwaka. Kabla hujafungua gari la redio, tengeneza la waya.

Chukua upongoo mkavu wa mwale. Nyama yake ni nyeupe na laini, hukatika kwa kisu cha jikoni na kushikana kwa vijiti bila msumari hata mmoja. Hiyo ndiyo chasi. Kabini ni mkebe wa sardini. Magurudumu yakate kwenye mapapa yaliyochakaa, yaani kandambili; weka mdomo wa kopo dogo kwenye moto hadi upate joto sawasawa, ukandamize juu ya soli, ulizungushe, na gurudumu litatoka la mviringo kamili, likinuka mpira ulioungua. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Na baiskeli hatuna shida nazo. Mji uliosafirishwa na toleka, yaani teksi za baiskeli, miaka yote ile haukosi spoki. Sasa tafuta fimbo ndefu inayofika kifuani, ifungie waya hadi kwenye ekseli ya mbele, na juu kabisa kunja waya uwe usukani. Ukizungusha usukani kifuani, magurudumu yanageuka chini ardhini. Gari liko mbele yako mita moja na nusu, nawe unaliamuru kutoka mbali. Ukiniuliza mimi, hiyo ni telekomande tayari. Kilichobadilika Shizuoka ni kwamba fimbo imefichwa hewani.

Mwaka 2001, askari wa MONUC, wale wa Umoja wa Mataifa, walipokuwa mjini, kila mtoto mtaani kwetu alitaka gari jeupe aina ya jeep. Rangi tuliipata kwenye chokaa, na antena ndefu ya mbele, ile iliyokuwa ikipinda hadi nyuma na kufungwa, tuliifanya kwa spoki au kwa upongoo mwembamba wa chelewa. Antena hizo hazikushika mawimbi yoyote. Lakini kila gari lilikuwa na redio: dereva wake alikimbia nyuma akiongea kwa mdomo, Kiingereza cha kubuni, pua ikiwa imebanwa kwa vidole.

Ukishatengeneza la waya, mikono imepata akili. Sasa fungua lile jingine.

Anza kwenye nyumba ya betri. Ukikuta unga mweupe umekaa kwenye springi, mtu aliacha mawe ya redio ndani yakavuja. Ukwangue kwa msasa laini hadi bati ling'ae. Kama mawe yalikuwa ya alkalini, kipande cha ndimu kitamalizia kazi, kisha kausha vizuri. Pakiti ya zamani ya nikeli na kadimiamu, ile ya seli sita za volti 1.2, jumla volti 7.2, usihangaike kuifufua, na usiitupe motoni wala shimoni nyuma ya nyumba. Kadimiamu ni sumu, na kisima cha jirani kiko karibu.

Halafu nenda kwa fundi wa redio. Usiende na kiburi cha mtu aliyesoma maelekezo. Msalimie, kaa kwenye benchi lake, mwache amalize simu ya mteja aliyekutangulia. Fundi wangu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aligeuza gari mara mbili, akavuta waya mmoja, akasema: “Papa, hili halijafa. Lilikuwa na njaa.” Akachomoa seli mbili nzima kutoka betri ya kompyuta iliyoharibika, akazipima moja moja, akazilehemu mfululizo: volti 7.4, karibu sawa na zile za mwanzo. Seli za namna hiyo mara nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa hapa Kongo, kule Lualaba na Haut-Katanga. Inawezekana kabisa udongo wa nchi yetu ulikwenda ng'ambo, ukarudi ndani ya kompyuta ya mtumba, na sasa unasukuma gari la Kijapani. Usizichaji bila chaja yake, wala usizibane ovyo; lithiamu ikikasirika inawaka.

Kabla ya kufunga, angalia kristali. Ni vijidude viwili vya chuma, kimoja kwenye telekomande, kingine kwenye gari, na lazima viwe jozi. Mkanda wa megahezi 27 ulikuwa na njia sita zilizopewa rangi: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani na buluu. Wawili wenye rangi moja hawakuweza kucheza pamoja, gari la huyu lingemtii yule. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuzungumza kwanza: wewe una rangi gani? Subiri nimalize. Telekomande za leo za gigahezi 2.4 hutafuta njia zenyewe, na wachezaji wanaweza kukaa siku nzima bila kusemezana. Mimi nautaka ule usumbufu. Njano yetu ilitufanya tujue majina ya watoto wa mitaa mitatu.

Kuhusu bei, utaulizwa. Huko Ulaya na Japani wapo wanaolipa pesa nyingi kwa boksi ambalo halijawahi kufunguliwa, na Tamiya wenyewe wanajua hamu hiyo: Sand Scorcher ya mwaka 1979 waliitoa upya mwaka 2010. Siwalaumu. Lakini gari lisilowahi kugusa mchanga mimi silielewi. Letu lina mkwaruzo ubavuni kutokana na ngazi za kanisa, na dereva wake wa plastiki ana kichwa kilichogundishwa. Mtu akija na dola, mpe kiti, mpe maji, mwonyeshe mkwaruzo, mweleze kila kitu. Akimaliza kusikiliza na bado anataka kununua, hakusikiliza.

Sasa liendeshe. Nenda uwanjani asubuhi na mapema, kabla pikipiki hazijajaa njiani. Vuta antena yote. Washa telekomande kwanza, ndipo gari. Ukigeuza mpangilio huo litaruka peke yake kama mbuzi. Bonyeza polepole. Mlio utausikia kabla ya kuona chochote, ule mlio mkali wa gia za plastiki, na usishangae magoti yako yakilegea.

Siku yetu, yaya alikuwa kwenye simu kutoka Kinshasa, nikimwonyesha kwa kamera. Watoto walitoka sijui wapi. Mmoja wao, wa miaka 9 hivi, alikuwa na lori la waya lenye mkebe wa maziwa, akalikimbiza ubavu kwa ubavu na Grasshopper hadi golini na kurudi. Dakika ya kumi na kitu seli zikaisha, Grasshopper likasimama katikati ya uwanja. Mtoto akachuchumaa, akafungua kipande cha waya kiunoni, akalifunga mbele kwenye bampa, akaliunganisha nyuma ya lori lake. Kisha akashika usukani kifuani, akaanza kulivuta kuelekea nyumbani, taratibu, akifanya mlio wa injini kwa mdomo kwa magari yote mawili.