Mama Mkubwa, Rangi ya Kinywaji Isikudanganye

Pune, India

Mama Mkubwa,

Hofu na mashaka yangu ni juu ya goti la Baba Mkubwa. Nimesikia viza zimetoka, na kwamba kinachokunyima usingizi si daktari wala upasuaji, bali mtakunywa nini. Umeuliza la maana. Pilau mnaijua, chapati mnaijua, sambusa hata wataona haya kuwauzia ninyi watu wa Tanga. Vinywaji ndivyo vitakavyowatoa ushamba, kwa sababu huku chumvi inaingia hata kwenye glasi na hakuna anayeshtuka.

Cha kwanza kukuudhi kitakuwa chai. Ladha utaisifu: maziwa, majani, sukari, tangawizi na iliki, vyote sufuria moja, vinachemka mpaka vinaelewana. Ugomvi ni kipimo. Inaletwa kwenye kigilasi ambacho nyumbani tungempimia mtoto dawa ya minyoo, na kule Mumbai hata hicho hukikata nusu. Ndiyo "cutting" yao. Mtu mzima na masharubu yake anakunywa, anafuta mdomo, anarudi kazini karidhika. Baba Mkubwa na kile kikombe chake cha bati aandaliwe mapema, asije akamuuliza muuzaji hii ya kuonja ikiisha ile yenyewe inakuja lini. Aagize vinne kwa mpigo, kisha atazame pembeni wakati muuzaji anawatafuta wale wageni wengine watatu.

Juisi ya miwa haina shida. Wanatia ndimu na tangawizi kama Forodhani, na vibanda vingi vya hapa hufunga njuga kwenye mashine, ikizunguka inaita wateja yenyewe. Ila barafu mkatae. Hatujui maji yake yalitoka wapi.

Maziwa ya mgando yapo pia. Lassi ya Wapunjabi ni nzito, tamu, ina utando wa malai juu. Mkikutana nayo msiulize, kunyweni. Lakini hapa Pune baada ya chakula utaletewa taak: mgando uliopigwa na kuongezwa maji, chumvi, bizari nyembamba na kotmiri. Usimwite mwenye mgahawa pembeni kumnong'oneza kwamba mpishi kachanganya makopo. Ndivyo inavyotakiwa, na kwenye joto la Aprili utaiombea dua.

Sasa solkadhi. Hii nataka uisome taratibu. Inakuja na rangi ya waridi, nzuri, unaapa ni maziwa ya stroberi. Siyo. Ni tui la nazi, Mama Mkubwa. Tui! Limetiwa kokam, maganda makavu ya tunda chachu la huku ndiyo yanayolipaka rangi, halafu kitunguu saumu, pilipili mbichi na chumvi. Sisi tui tunalipikia samaki. Watu wa pwani ya Konkan wanakula samaki, kisha tui wanalinywa. Funda la kwanza unaona umepewa mchuzi ambao mpishi kasahau kutia samaki. La pili unanyamaza. La tatu unaomba samaki aletwe haraka kabla glasi haijaisha. Kwangu mimi hakuna kinywaji cha India kinachoifikia, na wanaosifu kahawa ya Chennai waandike barua zao.

Mastani iko hapahapa Pune, ina jina la mke wa Peshwa Bajirao wa Kwanza, waziri mkuu wa dola ya Maratha katika karne ya 18. Ni maziwa mazito ya embe yaliyobebeshwa bonge la aiskrimu, yanaletwa pamoja na kijiko. Kwa ile sukari ya Baba Mkubwa, duka lile tutalipita kwa mtaa wa nyuma.

Jambo la adabu: wenyeji wengi wakichangia chupa ya maji hawaigusi kwa mdomo. Wanainua juu, wanamimina kutoka hewani, koo linapokea na shati linabaki kavu. Anzeni mazoezi uani leo. Vaa kanga kuukuu.

La mwisho usilisome kwa sauti mbele ya Babu. Mnafika Machi, sikukuu ya Holi itawakuta. Watu hunywa thandai: maziwa baridi, lozi, shamari, pilipili manga, mawaridi. Tamu kweli. Wengine huongeza bhang, yaani majani ya bangi yaliyosagwa. Ndiyo, ileile. Sheria ya dawa za kulevya ya India ya 1985 iliyaacha majani nje, na mji kama Jaisalmer una duka lenye kibali cha serikali na kibao mlangoni. Kwa hiyo mkialikwa, glasi ikiwa na ukijanikijani, ulizeni. Na mwenyeji akitabasamu akasema hii ni "speshali", mwambie mgonjwa anapasuliwa kesho, na wewe ndiye utakayesaini fomu.

Wako mtiifu,
Mwanao wa Pune